Mhadhara wa Mtaalamu wa Ushabiki Usio na Upande

Kabla sijaanza, naomba makofi yahifadhiwe hadi mwisho, isipokuwa kwa wale wasioweza kujizuia. Mimi ndiye Mtaalamu Mwandamizi wa Ushabiki Usio na Upande katika ukanda huu, cheo nilichojitunuku baada ya mchujo mkali wenye mwombaji mmoja. Hoja yangu ni hii: anayezifaidi fainali za kimataifa kwa ukamilifu ni mtazamaji asiye na timu, kwa kuwa moyo wake umepoa na macho yake yanaona mbali. Chukueni Kombe la Dunia la Qatar 2022. Mashabiki wa Argentina walipofushwa na mapenzi. Mtaalamu alitazama takwimu, akaona mechi 36 bila kushindwa, akatangaza kwa utulivu kwamba Saudi Arabia itachinjwa. Saudi Arabia ikashinda 2-1. Mtaalamu, kwa utulivu uleule, akatangaza kwamba Argentina imekwisha. Argentina ikabeba kombe, baada ya sare ya 3-3 na Ufaransa na mikwaju ya penalti. Vipofu wale walilia mpaka mkwaju wa mwisho. Sayansi ilikosea mara mbili bila kudondosha chozi. Nani basi aliyefaidi zaidi?

Kuna wanaopinga, wakidai kwamba mtu hawezi kutazama dakika tisini bila kuegemea popote. Hao hawajasoma kanuni zangu (hazijachapwa, wachapaji nao wana wivu). Mwaka 2010, Luis Suárez alipouzuia kwa mikono mpira wa Ghana uliokuwa unaingia wavuni, na Asamoah Gyan akaigonga penalti kwenye mtambaa panya, kelele za mtaalamu hazikuwa ushabiki wa Ghana. Zilikuwa msimamo wa kimaadili. Vivyo hivyo kule Qatar, Moroko ilipoitoa Hispania kwa matuta, ikaifunga Ureno 1-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia: kuruka juu ya kiti ni furaha ya kitaaluma. Tathmini hiyo ilisimama imara mpaka Januari 2024, Moroko hiyohiyo ilipoitandika Taifa Stars ya Tanzania 3-0 kwenye AFCON kule Ivory Coast. Tangu hapo utafiti umebaini kwamba soka lao halina mvuto.

Pingamizi la pili ni la wahuni, nalijibu kwa heshima tu ya ukumbi. Wanasema Mtanzania hana upande kwenye Kombe la Dunia kwa sababu timu yake haijawahi kufuzu, na kwamba elimu yangu yote ni ya yule sungura wa sizitaki mbichi hizi. Uzushi mtupu. Ni kweli haijawahi kufuzu, lakini hilo ni jambo la ratiba, halihusiani na falsafa. Wengine wananikumbusha AFCON ya 2019, Stars ilipoongoza mara mbili dhidi ya Kenya kisha ikalala 3-2. Nawajibu kwamba kila kanuni ina likizo yake, na swali hilo lisirudiwe. Kombe la Dunia la 2026 lilipopanuliwa kutoka timu 32 hadi 48, wasiwasi ulitanda kwamba Stars ingepenya na kuliharibia taifa mtaalamu wake. Stars yenyewe ililishughulikia suala hilo kwa weledi. Aliyeliongoza kundi lao, kwa kumbukumbu za mhadhara huu, ni Moroko.