Petroli Imeshuka, Tena

Mwandishi wa makala haya alipata taarifa ya kukatika kwa maji Alhamisi asubuhi. Maji yenyewe yalikatika Jumanne, yeye akiwa bafuni na povu kichwani, bomba likikohoa kama mzee wa tumbaku. Tangazo lilikuwa mtandaoni tangu Jumatatu. Mtandao wa kijamii anaoutegemea ulikuwa umeona ni heri kwanza umwonyeshe paka anayepiga kinanda, mara tatu.

"Mjomba, hao wanakuchagulia," alisema mpwa wake. "Tumia milisho."

Mwandishi, ambaye anafuga kuku wa mayai uani, aliwaza pumba. Hakuwa mbali sana na ukweli.

Mlisho, ambao vijana wanauita RSS, ni faili ambalo tovuti huliweka kando ya kurasa zake. Ndani yake mna orodha ya vilivyochapishwa karibuni: kichwa cha habari, muhtasari, anwani ya ukurasa, tarehe, na kitambulisho cha kila habari. Programu ya kusomea hupita kila baada ya muda, ikapiga hodi kwa kila tovuti uliyoisajili, ikauliza kama kuna jipya, ikarudi na ilichokikuta. Paka haji mpaka umemwita.

Mfumo huu ulizaliwa Marekani, kwenye kampuni ya Netscape, Machi 1999. Google nao walikuwa na programu yao ya kusomea milisho, Google Reader, iliyoanza 2005 na kufungwa tarehe 1 Julai 2013, na watu wengi wakaamini RSS imezikwa siku hiyohiyo. Kumbe aliyefunga meza ni muuza magazeti mmoja tu. Mitambo ya kuchapa iliendelea kunguruma. Hata podikasti anazosikiliza dereva wa daladala kwenye foleni husafirishwa kwa RSS.

Hayo mwandishi aliyajua baadaye. Siku ya kwanza alichofanya ni kugusa anwani ya mlisho kwenye kivinjari, na skrini ikafurika mabano yenye ncha, mikwaju na maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kirusi! Alizima simu, akachomoa laini, akamwomba mkewe simu ampigie mpwa.

"Mjomba, hiyo haisomwi hivyo. Inakili, kisha ibandike kwenye programu."

Akabandika. Ilipokubali, uroho ukamwingia: akasajili magazeti, vituo vya redio, michezo ya nchi nne, mapishi, na tovuti moja ya wafuga nyuki wa Ulaya ambayo hadi leo hajui aliitakia nini. Wiki ilipoisha, programu ilimwarifu kwamba ana habari 1,312 ambazo hajazisoma. Hata deni la duka la Mangi halijawahi kumkosesha usingizi namna ile. Alifuta nusu ya orodha. Nyuki, kwa sababu isiyoeleweka, walibaki.

Kisha ikaja siku ya petroli.

Alikuwa kijiweni, kikombe cha kahawa mkononi, kashata mdomoni, miwani nyumbani. Simu ikaonyesha kwa herufi nene kwamba bei ya petroli imeshuka. Akaisoma kwa sauti, kwa madaha ya mtu ambaye siku hizi habari humfuata alipo. Kijana mmoja wa bodaboda hakungoja apoe. Akawasha pikipiki, akaenda kituoni.

Alirudi baada ya dakika ishirini, kanuna.

Uchunguzi wa mpwa ulionyesha kwamba tovuti ile ilikuwa imehamishiwa mfumo mpya usiku uliopita, na habari zake za zamani zikapewa vitambulisho vipya. Programu haijui petroli wala mwaka. Kazi yake ni kulinganisha vitambulisho, na ikiona kigeni inakileta kama habari ya leo. Tarehe halisi, ya miaka mitatu nyuma, ilikuwepo palepale chini ya kichwa, kwa herufi za ukubwa wa chawa.

Mwandishi alilipa kahawa ya kijiwe kizima. Milisho hakuiacha, na tangu hapo tangazo la maji humfikia kabla hajajipaka sabuni. Ila kijana wa bodaboda kila akimwona anatoa simu mfukoni hupunguza mwendo, huinua kioo cha helmeti, na kuuliza kwa adabu zote:

"Shikamoo mzee. Hiyo ya mwaka gani?"