Kofia ya Siku ya Ukaguzi

Kuna kofia ngumu za njano ambazo hutoka stoo siku moja tu: siku mkaguzi wa usalama kazini kutoka OSHA anapopiga hodi. Akishaondoka, fundi hupanda jukwaa na kandambili zake kama kawaida.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Tanzania ni ya mwaka 2003. Umri wa kupiga kura imeshaupita, lakini wapo waajiri wanaoomba muda wa kuizoea.

Mwaka 2025 yakaja marekebisho ya sheria za kazi. Mama aliyejifungua njiti anaongezewa likizo hadi zitimie wiki 36 ambazo mtoto angezifikisha tumboni. Na mfanyakazi mwenye dharura anaweza kukubaliwa likizo ya hadi siku 30, bila malipo. Hii ya pili bosi aliikariri siku hiyohiyo, hasa maneno mawili ya mwisho. Ile ya njiti, anasema, bado iko kwa mwanasheria.

Januari 2026 kima cha chini cha sekta binafsi kikapanda kwa wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Bosi akagundua ghafla kwamba hana waajiriwa. Ana vibarua tu, wa miaka saba.