Mwongozo wa Kuiongezea Nguvu Peugeot 504 Bila Kuimaliza

Sikiliza, ndugu yangu. Unataka gari la zamani lenye nguvu, na unataka mtaa mzima ujue kwamba unalo. Hilo la pili ndilo kubwa, na utamu wake ni kwamba halihitaji gari litembee.

Wamarekani waliushika mchezo huu mwaka 1964, Pontiac ilipotoa GTO yenye injini ya lita 6.4 na Ford ikatoa Mustang. Mpaka leo kule wapo wazee wanaoshinda gereji miaka na miaka, wakiongezea gari lile lile kifaa kimoja baada ya kingine, na wake zao wameshazoea. Sisi wa Kolwezi, mji wa shaba na kobalti huku Kongo, hatuna Mustang. Tuna Peugeot 504, nayo inatosha kabisa kumla mtu mshahara. Tenga miaka kumi na mitano, kisha nifuate.

1. Nunua hadithi kwanza

Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikatajwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1969, na zikaundwa zaidi ya milioni 3. Kwa hiyo si adimu hata kidogo. Kuifanya adimu ni kazi yako. Muuzaji atakuapia kwamba ilikuwa ya kadre wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kila 504 ya mji huu ilikuwa ya kadre wa Gécamines, hata ile iliyozeeka ikiwa teksi. Kubali bila kuuliza, uongeze na lako: sema ni ndugu yake ile iliyoshinda Safari Rally kule Kenya. Hapo huongopi sana. Ove Andersson alishinda na 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978 na 504 ya V6. Yako ina silinda 4, lakini boneti ikiwa imefungwa nani atahesabu?

Wapo watakaokushauri utoboe mlango kwa drili, upake kutu kidogo pembeni, useme ni risasi ya vita vya Mei 1978, siku zile askari wa Legion ya Ufaransa waliposhuka kwa miavuli hapa mjini. Hilo acha. Uongo ndio kazi yetu, sikatai. Ila wapo wazee katika mitaa hii waliozika watu wao mwezi ule, na mmoja wao akiinama kulitazama tundu lako hutajua uso uuweke wapi.

2. Mtafute fundi asiyemaliza

Fundi hodari ni hatari. Atalitengeneza gari katika majuma matatu, na baada ya hapo utalazimika kuliendesha. Unayemtaka ana foleni ya magari yaliyoota majani mbele ya lako. Mwite papa hata kama umri wake ni wa mdogo wako. Naye akuite patron hata siku ambayo mfukoni huna kitu. Heshima hiyo ya pande mbili ndiyo itakayowafikisha mwaka wa tano bila kugombana.

Siku ya kwanza mwambie afungue kila kitu. Bolti ziingie kwenye kopo la Nido, milango iegemee ukuta, viti vipelekwe sebuleni kwako vikaliwe na wageni. Gari lililofunguliwa lote halina aibu: hakuna awezaye kusema linakosa nini, kwa kuwa linakosa vyote.

3. Injini, hapa tulia

Injini ya asili ina ujazo wa cc 1,971 na imelazwa upande kwa nyuzi 45. Ile ya kabureta, ikiwa mpya, ilitoa nguvu ya farasi 90 na kitu. Lakini sisi tuko juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo kama farasi dazeni hivi walikwisha kushuka njiani zamani, treni ilipokuwa ikipanda kutoka bandari ya Lobito, Angola. Shika hesabu hiyo vizuri. Gari likikohoa, sema ni mwinuko. Likizima, mwinuko. Toyota ya jirani ikikupita katika mwinuko huo huo, badilisha mazungumzo.

Usikubali kamwe kuitengeneza injini hiyo. Ringi, beringi na gasketi ni kazi ya watu wasio na ndoto. Wewe tangaza kwamba unaagiza 1JZ ya Toyota, silinda 6, lita 2.5, ile ya tabo ambayo Wajapani waliiandikia farasi 280. Tangaza mapema, kwa sauti, mahali penye watu na bia. Halafu ipe safari: Japani, Dar es Salaam, Tunduma, Nakonde, Zambia yote, Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi, ndipo Kolwezi. Kila kituo ni miezi kadhaa ya maongezi. Ukiulizwa, jibu maneno mawili tu: "Imekwama Kasumbalesa." Malori yamepanga foleni mpakani pale miaka mingi kiasi kwamba hakuna mtu wa Katanga anayeweza kukubishia. Na kwa kuwa sasa reli ya Lobito inafufuliwa, unaweza kuanza kusema injini imebadilishiwa njia. Hiyo peke yake ni miaka miwili.

Shida itaanza injini ikifika kweli.

504 haina shafti ya wazi kama Hilux. Shafti yake imo ndani ya bomba la chuma lililofungwa imara, kutoka giaboksi ya mbele mpaka difu ya nyuma. Giaboksi ya Toyota hailijui bomba hilo na haina mahali pa kulipokea. Basi fundi ataling'oa. Bomba likitoka, difu ya Peugeot haina kazi, mtatafuta ya Hilux. Ekseli ya Hilux ikiingia, rimu za nyuma zitakuwa na bolti 6 na za mbele hazina, kwa hiyo mtabadilisha na za mbele. Ukibadilisha za mbele umegusa breki. Ukigusa breki umegusa pampu yake, na pampu inataka pahali pake kwenye ukuta wa injini, ukuta ambao mlikwisha kuukata kwa sababu silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja ni ndefu kuliko nafasi ya silinda 4. Radieta nayo itasukumwa mbele mpaka ibusu grili.

Hapo fundi wa kuchomelea atakuwa amehamia kwako na familia yake. Mlishe vizuri.

Siku moja utazunguka gari na kugundua kwamba kilichobaki cha Ufaransa ni paa, milango minne na simba wa kwenye grili. Una Toyota iliyovaa sura ya Peugeot. Usiitamke sentensi hiyo mbele ya mtu. Sema "nimeiboresha". Ukipata mbishi, mwonyeshe usukani: uko kushoto, mahali pake halali katika nchi inayopita kulia, wakati nusu ya Toyota zinazomzunguka yeye zimetoka Japani na usukani upande usiofaa. Atanyamaza. Mara nyingi naye anaendesha moja.

4. Bajeti ifuate kobalti

Mwaka mmoja utakuwa na hela, mwaka mwingine huna, na haipendezi kusema huna. Katika mji huu sababu imeshaandaliwa tayari. Machi 2018 tani moja ya kobalti ilikaribia dola 95,000. Mwaka uliofuata ikaanguka chini ya dola 30,000. Jifunze namba hizo kwa kichwa, hata kama kazi yako ni kuuza mikate. Bei ikipanda, nunua taa za ukungu na usukani wa ngozi. Ikishuka, lipandishe gari juu ya matofali na useme unangoja soko.

Zawadi kubwa kuliko zote ilitoka Kinshasa. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, ikaongeza mitatu, kisha mwezi Oktoba ikaleta mfumo wa mgao. Mke wako akiuliza kwa nini gari bado liko uani na kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma, mjibu kwa huzuni: "Mama, unajua mambo ya mgao." Sijapata kuona sababu safi kama hiyo, tena yenye muhuri wa serikali.

5. Jitayarishe kwa mpwa

Kila familia ina mpwa aliyesoma. Atakuja likizo kutoka Lubumbashi, atazunguka gari, ataweka mikono kiunoni na kusema: "Mjomba, dunia imehamia kwenye umeme. Toa hiyo injini, weka betri."

Usikasirike. Mweleze kwa upole kwamba gari moja la umeme hutumia shaba kilo 80 hivi, karibu mara nne ya gari la petroli, na kwamba shaba hiyo pamoja na kobalti ya betri hupita mbele ya lango lenu kwenye malori kila siku, ikitoka migodi ya Kamoto, Mutanda na kwingineko, bila hata lori moja kusimama kukusalimu. Muulize: tukiiagiza irudi ikiwa betri, itapita wapi? Atafikiri kidogo. Mwenyewe atasema Kasumbalesa. Mtakuwa mmeelewana.

Neno moja pembeni, na hili silitanii. Usilaze gari mtaa wa Kasulo. Mwaka 2014 mtu alichimba uani kwake akakuta madini ya kobalti, na tangu hapo watu walichimba mpaka chini ya sakafu za vyumba vya kulala. 504 ina uzito wa kilo 1,200 hivi. Ardhi ile imekwisha kubeba ya kutosha.

6. Rangi kabla ya breki

Hapa wengi hukosea mpangilio. Husubiri gari litembee ndipo walipake rangi. Paka sasa! Mtu hatazami breki akipita uani kwako.

Njia ya mkato: chagua nyekundu ya udongo. Kuanzia Mei mpaka Oktoba vumbi la malori ya migodi litaipaka nyumba yako, nguo zako na chakula chako rangi hiyo hiyo bure. Gari jeupe litaonekana chafu siku ya pili, lako litaonekana limetoka gereji jana. Mvua ikianza, funika kwa turubai, ila acha kipande cha bampa kichungulie. Bampa iwe ya kromu. Hapo usibane matumizi.

7. Siku ya kulitoa

Itafika. Harusi ya binti wa kaka yako, na kikao cha familia kimeamua bibi harusi apande 504 ya mjomba, ile iliyozungumzwa tangu hajaanza shule. Huna pa kukimbilia. Fanya hivi.

Livute usiku. Kamba moja, Hilux moja, vijana wanne wasio na maneno mengi. Liegeshe mbele ya ukumbi, pua ikielekea mteremko, na liwepo pale kabla mgeni wa kwanza hajafika. Asubuhi fungua boneti na uiache wazi. Watu watapanga mstari kupiga picha na injini, na gari ambalo boneti yake iko wazi haliwezi kuombwa liondoke. Vaa shati jeupe na ushike kitambaa chenye mafuta. Toboa bomba la moshi karibu na injini, ili kama kwa bahati mbaya litawaka, lingurume kama la lita 7, lishtue kwaya. Petroli usiweke zaidi ya chupa moja ya barabarani. Ikiisha, utasema ni uchafu wa petroli ya chupa, na kila mzee pale atatikisa kichwa kwa kukuunga mkono.

Askari wa barabarani akija kuuliza karatasi, mpe kwanza historia. Anza na Safari Rally. Ukifika Jean-Pierre Nicolas, atakuwa ameona pikipiki iliyobeba watu wanne na kwenda zake.

Bibi harusi apande kwa ajili ya picha, ashuke, aende kanisani na Toyota Ist ya mtu mwingine. Kwenye albamu hakuna atakayejua.

8. Wakitaka kununua

Watakuja. Mnunuzi wa madini wa soko la Musompo aliyefanya wiki nzuri, au mgeni wa kampuni anayetaka kitu cha kupiga nacho picha. Atatoa dola taslimu, na utahesabu kichwani ulichotumia, na utaona kwamba hata akizidisha mara tatu hajafika. Usimwambie hesabu hiyo. Haimhusu yeye wala mkeo. Mwambie halijaisha, limebakiza vitu viwili vitatu. Na usiuze: ukiuza, kesho jioni utakaa barazani na watu watakuuliza unafanya nini siku hizi.

Ukikwama kwenye kabureta, nitafute hapa Manika. Nina Solex ya 504 ninauza. Ni nzima, ukiitazama kutoka upande wa kushoto.