Sifa za Gia Isiyoingia

Katika karne ya 2, mwandishi mmoja wa Shamu, Lucian wa Samosata, aliwaacha wafalme na sifa zao akamsifu nzi. Angefika diko la Tumbe, Pemba, alfajiri, boti zinaposhusha, angemkuta nzi yuko kazini wala hana haja ya kupambwa zaidi. Zamu hii ni ya ile inayosimama pembeni, pua imeelekea mteremko ili iwake bila staata, nyuma imejazwa vibua na barafu: pikapu kuukuu ya dizeli, Hilux ambayo rangi yake ya asili wanabishania wazee. Wala si gari yenyewe ninayoisifu, maana gari nzima kila mtu huisifu. Nasifu maradhi yake.

Kwanza hayana unafiki. Gari ya kisasa ikiudhika huwasha kijitaa cha manjano na kunyamaza. Ukitaka kujua kulikoni, utafute mtu mwenye kompyuta, pengine hadi Unguja. Mkweche hujieleza wenyewe. Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi hewa: filta ya hewa imeziba, au nozo zimechoka, zinakojoa badala ya kunyunyiza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo ringi za pistoni zina maelezo ya kutoa. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja chini, ni habari ya gasketi ya silinda hedi. Chomoa kijiti cha oili ukitazame. Ikiwa oili imegeuka chai ya maziwa, zima, usiwashe tena, tafuta kamba ya kuvutia.

Bingwa wa mazungumzo, hata hivyo, ni giaboksi. Injini hulalamika kwa wote; giaboksi huchagua wa kumwambia. Mtazame fundi mtu mzima akipelekewa gari ambayo gia haziingii. Hashiki spana. Anauliza tu:

“Ukizima injini, zinaingia?”

“Zinaingia, ami.”

“Zote?”

“Zote, hata ya nyuma.”

“Basi giaboksi yako nzima, mwanangu. Klachi ndiyo haiachii.”

Anafungua boneti, anachungulia kikopo cha mafuta ya klachi, kimekauka nusu. Anaufuata mpira kwa mkono mpaka chini, kwenye pampu ndogo ubavuni mwa giaboksi, anapitisha kidole, kidole kinatoka na unyevu. Anakinusa. Kumbe kipira cha ndani cha pesa ndogo kimelika, na mwenye gari alikwishakopa fedha za kununulia giaboksi nzima. Kipira kinabadilishwa, kisha utingo anapanda nyuma ya usukani: kanyaga, shikilia, achia, kanyaga, shikilia, achia, mpaka upepo wote utoke na mafuta yaje bila povu.

Gari gani mpya itakupa darasa kama hilo, tena bure?

Na mkweche una mengi zaidi ya kufundisha. Ikikwaruza gia ya tatu peke yake na nyenzake zinaingia vizuri, klachi haina kosa. Ringi ya sinkro ya hiyo tatu imekwisha. Gia ikiruka yenyewe unapoondoa mguu kwenye mafuta, shuku springi ya kuishikia au beringi. Ukiwa huna gia ukasikia mvumo, nao ukakoma ukikanyaga klachi, ni beringi ya shafti ya mbele. Mvumo ukianza pale unapokanyaga, ni rilizi beringi. Mtu aliyeyajua hayo kwa sikio hawezi kudanganywa na muuzaji, ingawa wauzaji nao si haba: zamani walaghai wa nchi nyingi walikuwa wakitia unga wa mbao ndani ya giaboksi ili kelele zilale hadi mnunuzi afike nyumbani.

Pemba ni vilima, na kilima ndicho mtahini wa klachi. Injini inanguruma juu, gari inapanda kwa hiari yake, harufu ya kuungua inaingia ndani. Anayetaka uhakika huvuta breki ya mkono, huweka gia ya nne, huongeza mafuta na kuachia klachi. Injini yenye klachi nzima itazimika papo hapo. Ikiendelea kunguruma, pleti imekwisha. Kipimo hiki kina sharti la kuwa na breki ya mkono, jambo ambalo kwa pikapu nyingi za diko ni hadithi. Kazi hiyo hufanywa na utingo kwa kipande cha gogo.

Kuna kisirani kimoja ambacho hata mimi nashindwa kukisifu. Injini ya 2L, ile ya sentimita za ujazo 2,446, ina mkanda wa taiming unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu na pistoni hukutana, na hapo hakuna mazungumzo tena. Tatizo ni kwamba spidomita ilisimama zamani, na tangu hapo kila siku ni kilomita ya mwisho. Mwenye gari hutawakali, akatia ufunguo.

Umri wenyewe usitutishe. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua hapa Tumbe mji uliokaliwa na watu tangu karne ya 7 hadi ya 10, na jirani yake Chwaka yapo magofu yaliyokuja baadaye. Mbele ya hayo, pikapu ya 1985 bado inanyonya.

Watasema samaki huharibika gari ikilala njiani. Kweli kabisa, na tajiri wa Chake anayesubiri mzigo ana haki ya kupiga simu mara kumi. Lakini aulizwe pia muuza barafu, ambaye siku hiyo huuza mara mbili. Waulizwe na wa kando ya barabara, pale kwenye kilima ambapo gia ya tatu hukataa na ya pili huchemsha maji. Wameshaujua mlio wake. Ukisikika unakwaruza kule chini, mama mmoja hushusha mbuzi akaanza kukuna nazi, mwengine hutuma mtoto na beseni. Dereva hajafungua boneti, vibua vimeshaanza kuuzwa, na bei wanaipanga wao.