Namna ya Kuhutubia Namawala Usieleweke

Mtaalamu, umetumwa kijiji cha Namawala, bonde la Kilombero, kuhimiza matumizi ya vyandarua. Usijisumbue kusoma balagha. Hiyo ni elimu ya watu wasiojiamini. Wewe una projekta.

Anza na salamu. Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, Mtendaji, viongozi wa dini, wazee wetu, kila mtu kwa cheo chake. Ukishawamaliza wote, ndipo useme "itifaki imezingatiwa." (Wapo wanaoisema mapema ili kuokoa muda. Usiwaige.)

Sasa mada: "Tumekuja kuwajengea uwezo wadau wa ngazi ya jamii ili kuchochea matumizi endelevu ya afua za udhibiti wa vekta." Mbu usimtaje kabisa. Kwenye bonde hili wapo watu waliokesha na watafiti, miguu wazi, wakimnasa mmoja mmoja. Ukimtaja wataanza kukuuliza maswali.

Mwaka 1997, mradi wa KINET ulipoanza kuuza vyandarua wilaya za Kilombero na Ulanga, uliviita Zuia Mbu. Basi. Maneno mawili, na mnunuzi ameshajua anachonunua na kazi yake. Ni uzembe mtupu: hata pa kuchomeka "mtambuka" hawakuacha.

Aristotle naye alitenga sehemu nzima ya kitabu chake cha balagha kuzungumzia hali za wasikilizaji: wenye hasira, wenye hofu, vijana, wazee. Ruka hapo. Ukisoma utaanza kujiuliza hao waliokaa chini ya mwembe ni akina nani, utagundua ni wakulima wa mpunga wanaohamia mashambani msimu ukianza na kulala kwenye madungu, na itakubidi uanze slaidi upya.

Kwa vyovyote, mama mmoja atanyoosha mkono: "Samahani daktari, dunguni hakuna kenchi. Kamba naifunga wapi?"

Hapa ndipo pa hatari. Ukimwambia achimbie miti minne kwenye pembe za kitanda, afunge kamba juu na pindo alichomeke chini ya mkeka, watu watakuelewa, watainuka na kwenda kukata miti, na slaidi zako zimebaki nusu. Mjibu hivi: "Swali zuri sana, mama. Tumelichukua, tutalifanyia kazi."

Kisha zungusha karatasi ya mahudhurio. Kwenye ripoti, kila sahihi iandike kuwa ni mwanajamii mmoja aliyeelimishwa.