Mlima Ndani ya Kijisanduku

Mlima Hanang, wenye mita zaidi ya 3,400, haujawahi kupata hifadhi kama hii. Tovuti ya utalii huhamishiwa seva mpya, njia za picha zikabaki zinaelekeza kwenye ya zamani, iliyokwisha kuzimwa. Msomaji akifungua ukurasa huona kijisanduku chenye alama ya picha iliyochanika. Ulinzi ulioje!

Wapo wakorofi wanaodai kwamba anwani zote hurekebishwa kwa amri moja kwenye hifadhidata, mradi nakala rudufu imechukuliwa kwanza. Haraka ya nini?

Ulinzi wa pili: faili huitwa “Hanang.JPG”, ukurasani ikaandikwa “hanang.jpg”. Windows, yenye adabu, huona picha ileile. Linux hung’ang’ania herufi kubwa na ndogo. Kwa suala zito namna hiyo huundwa kamati, ikapigwa picha ya pamoja, ikapandishwa tovutini: “KAMATI.JPG”.