Simu Yangu Ipo Zambia

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kalambo, upande wa Kasesya, na sijawahi kuvuka mpaka. Simu yangu huvuka kila ikijisikia. Nikiiacha dirishani jioni inanasa mnara wa ng'ambo, inanikaribisha Zambia kwa ujumbe wa heshima, inaanza kula vocha kwa bei ya msafiri, na kwa kuwa wenzetu wako saa moja nyuma yetu, inarudisha na saa. Mimi niko jikoni kwangu, Tanzania, mwiko mkononi, lakini simu imeshanihamisha nchi.

Niliipeleka Sumbawanga kwa fundi mmoja jirani na soko. Akaifungua, akaipuliza, akaifunga. "Mama, simu haina tatizo," akasema. "Nyumba yako ndiyo imekaa vibaya." Akachukua hela ya kupuliza.

Saa inayotangatanga haimsumbui sana mtu anayeishi kwa kengele ya shule. Inanisumbua mimi kwa sababu jioni nina mwanafunzi Ujerumani, mama wa makamo ninayemfundisha Kiswahili kwa video. Alianza kujifunza mwenyewe kwa Duolingo, ambayo ina kozi ya Kiswahili tangu 2017, na alinijia akiwa na maneno mengi na hana wa kumwambia.

Tulipatana somo la kwanza liwe saa mbili usiku. Yule mama alikuwa ameshasoma kwamba saa zetu haziendi kama zao, basi akaongeza sita, akapata 20:00, akatoa moja ya tofauti ya nchi kwa kuwa kwao ilikuwa kiangazi (kipindi cha baridi angetoa mbili), akafungua kompyuta yake dakika tano kabla. Hesabu safi, isiyo na dosari. Mimi nilitupia jicho simu, ikasema ndiyo kwanza saa moja, nikaendelea kusonga ugali. Mjerumani wa watu akakaa saa nzima akitazama picha yangu ya pasipoti. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakati wa kiangazi chao, saa ya Zambia na saa ya Ujerumani ni moja. Simu yangu na mwanafunzi wangu walikuwa wameafikiana vizuri kabisa. Aliyepitwa na wakati ni mwalimu.

Nikamwomba radhi kwa kumkumbusha historia. Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha tarehe 11 Novemba 1918, lakini Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani alikuwa huko Rhodesia ya Kaskazini akiendelea kupigana, maana habari zilimfikia siku chache baadaye. Akaja kukabidhi silaha tarehe 25, katika mji wa Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, hapo ng'ambo ya mpaka wetu. Nikamwambia: unaona, mawasiliano ya eneo hili na Wajerumani hayajawahi kwenda na saa. Alicheka sana, kisha akataka kujua kama jenerali naye alikuwa anasonga ugali.

Habari za Mzungu anayekaa ndani ya simu zilimfikia bibi jirani, akaja kumwona. Ieleweke kwamba huku kwetu Ufipa salamu haziharakishwi. Utaulizwa ya nyumbani, ya shambani, ya watoto, ya ng'ombe, na ukidhani zimekwisha zinaanzia ya majirani. Bibi akajiweka sawa kwenye kigoda, akafunga kanga vizuri, akaikabili simu. Mwanafunzi wangu, aliyekuwa amefanya mazoezi ya siku hiyo kwa bidii, akainamisha kichwa, akasema, "Shika..." na mtandao ukakatika.

Bibi, mtu asiyempuuza mgeni, akashika. Aliidaka simu kwa mikono miwili na hakuiachia. Kwenye kioo Mjerumani alikuwa ameganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba.

"Ameniambia nishike," Bibi akasema baada ya muda. "Nishike mpaka lini?"

Nikamweleza kuwa ile ilikuwa shikamoo, imeishia njiani. Hapo nikawa nimeongeza matatizo, maana sasa Bibi hakuweza kuondoka: ameamkiwa na hajaitikia. Ikabidi twende nyuma ya nyumba kwenye kichuguu, ambako mtandao wa Tanzania unapatikana kwa mwenye subira. Ilikuwa Julai. Asiyejua upepo wa uwanda huu mwezi wa Julai aulize wanaokaa chini ya Milima ya Mbizi. Mimi nilisimama juu ya kichuguu nimeinua mkono, Bibi chini amejifunika blanketi, na mbuzi wawili walikuja kutazama. Simu ikakoroma, picha ikatikisika.

"...moo," simu ikamalizia.

"Marahaba, mwanangu!" Bibi akapokea, na bila kupumua akauliza habari za ng'ombe. Mwanafunzi akajibu, kwa sarufi nisiyoweza kuisahihisha popote, kwamba yeye hana ng'ombe hata mmoja. Bibi alinitazama kwa huzuni kubwa. Siku iliyofuata aliniletea maharage, akasema ya yule wa kwenye simu.

Shuleni tuna vifaa vingine. Mimi nina kishikwambi, kimojawapo cha vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 kabla ya kugawiwa walimu, na nahisi hakijaiacha kazi yake ya kwanza. Nikifungua somo la ngeli kinasita kidogo, kama kinachotaka kujua kwanza mkuu wa kaya ni nani. Tuna na projekta, inayotegemea umeme, na umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulikuwa ukiletwa na waya kutoka Mbala. Kwa hiyo projekta nayo ina ndugu ng'ambo. Siku moja nilikuwa naonyesha methali ukutani, nusu ya kwanza kwa wino mwekundu, nusu ya pili ikifuata kwa kubonyeza. Nikaonyesha "Haraka haraka haina", nikabonyeza, darasa zima likawa giza. "Umeme!" wakajibu kwa pamoja, kidato kizima, kwa lafudhi bora kuliko siku zote.

Walimu wenzangu wa Dar es Salaam, tulio nao kwenye kundi la WhatsApp, wana jibu moja kwa kila ninachoeleza: mtandao wako umelogwa. Nimewaeleza mara nyingi kwamba jina la Sumbawanga husemwa maana yake ni kutupa uchawi, yaani ulishatupwa. Wanauliza ulitupwa wapi, na kama kuna mnara karibu na hapo.

Nafundisha na Kiingereza, kwa kuwa mwalimu wake alihamishwa, na huku ndiko programu za kutafsiri zilikonikuta. Simu haziruhusiwi shuleni, lakini kila mwanafunzi ana kaka, na kila kaka ana bando. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliandika insha kuhusu mimi, kwa Kiswahili kizuri bila shaka, kisha akaikabidhi kwa mashine iivushe. Kiswahili hakina haja ya kusema kama "yeye" ni wa kike au wa kiume. Kiingereza kinayo, na mashine haipendi kuuliza. Basi katika aya moja tu nilikuwa mwanamume nilipofundisha, mwanamke nilipopika, mwanamume tena nilipopanda pikipiki, na nikafunga kwa kuwa mwanamke nilipolia kwenye mahafali. Katika aya ya pili alimtaja rafiki yake Mashaka, kijana mpole wa hapo kijijini. Mashine ikamtafsiri naye. Kwa hiyo mwandishi wetu, kwa Kiingereza, huenda shule kila asubuhi akiwa na wasiwasi, hurudi na wasiwasi, na Jumapili huenda kula kwao wasiwasi, ambako mama wa wasiwasi hupika wali. Nilimpa alama zote za Kiswahili.

Haya yote nilimsimulia babu, mume wa yule bibi, ambaye hamwamini mtu asiyesalimia. Nikafanya kosa la kumwambia kwamba mwezi Juni 2024 Google waliongeza lugha 110 kwenye tafsiri zao, na Kibemba cha wenzetu wa Zambia kimo.

"Kibemba kimo," babu akarudia. "Na Kifipa?"

"Bado, babu."

Akanyoosha mkono nimpe simu. Nikamfungulia programu nyingine, inayojitapa kutambua lugha yoyote. Akaizungumzia Kifipa cha polepole, cha heshima, kama anayezungumza na mkwe. Programu ikafikiri, ikaandika: Kibemba. Babu akafuta kioo kwa kidole gumba, akarudia kwa sauti ya juu. Kibemba. Mara ya tatu alitumia lugha ambayo hakuna mashine inayopaswa kufundishwa.

Ikabidi nimweleze kwamba mashine hazijifunzi kwa kukaa na wazee, zinajifunza kwa maandishi na sauti zilizorekodiwa, tena nyingi kweli kweli, na Kifipa kilichoandikwa au kurekodiwa ni kidogo. Waliokuja kutuchunguza waliandika kwa lugha zao. Roy Willis, Mwingereza, alikaa Ufipa miaka ya 1960 akisikiliza wazee, lakini kitabu chake cha 1981 kuhusu falme zetu za Nkansi na Lyangalile kiko kwa Kiingereza. Kwa hiyo mashine inawajua Wafipa kama ninavyowajua mimi Wajerumani: kwa kusimuliwa na watu wengine.

Babu alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali mawili ya maana kuhusu mtu kukopi bila kuelewa, kisha akanyamaza akivuta kiko chake.

"Kumbe ni mwanafunzi," akasema hatimaye.

"Ni mwanafunzi, babu."

"Anataka tumfundishe Kifipa."

"Akipata wa kumfundisha."

"Zamani aliyekuja kujifunza kufua chuma kwa wazee alikuja na jembe au na mbuzi. Huyu anakuja na nini?"

Nikamwambia ukweli: haji na chochote, tena anakula bando langu. Babu akaitazama simu kwa muda mrefu, kama wanavyotazamwa watoto waliochelewa shuleni.

"Basi aanze Jumatatu," akasema, akanirudishia. "Aje na mzazi."